Noti Safi na Mawe ya Kamande

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha kuchapa noti, nilinyang'anywa pesa zangu langoni. Hazikuwa nyingi. Ilikuwa nauli ya kurudi Ruiru na sarafu chache za chai. Mlinzi alizimimina kwenye kifuko cha turubai, akakaza kamba, akanipa kipande cha shaba chenye nambari, kisha akakitia kile kifuko ndani ya kabati la chuma. Nilidhani nimekosa jambo. Mkuu wa Ulinzi, mzee mrefu aliyewahi kuwa askari, alikuwa amesimama pembeni mikono nyuma, akaniona nimeduwaa.

"Msichana, hapa shilingi yako na shilingi yetu hazilali nyumba moja," akasema. "Yako utaipata ukitoka. Yetu usiitarajie."

Kisha nikapelekwa chumba cha kubadilishia nguo, nikapewa ovaroli ya kijani isiyokuwa na mfuko hata mmoja. Pete, saa, leso, kalamu, vyote vilibaki nje. Hata chai ya kantini hatukuilipia kwa pesa; tulitoa tiketi, na tiketi zikakatwa kwenye mshahara. Ndivyo nilivyofanya kazi mpaka nikastaafu. Mchana kutwa mikono yangu ilishika pesa ambazo wenye maduka wote wa Ruiru wakikusanyika hawangezifikia, na mimi mwenyewe sikuwa na sarafu ya kununulia andazi.

Shiku, binti wa ndugu yangu Kamande, ndiye aliyenisumbua niandike haya. Anasoma Juja, na marafiki zake wakija kunisalimia hapa Ruiru wananiita Cucu, nyanya yao, na kuniuliza swali lile lile: "Cucu, si mngechapa tu pesa mob, nyingi kabisa, kila mtu atosheke?" Wanacheka, nami nacheka kidogo. Lakini nimechoka kulijibu swali hilo kwa mdomo. Nimelijibu kwenye harusi, kwenye mazishi na kwenye foleni ya maji. Acha niliandike mara moja, halafu atakayeniuliza tena nimpe karatasi asome.

Niliwekwa Idara ya Ukaguzi. Noti haichapwi moja moja. Huchapwa nyingi pamoja kwenye karatasi kubwa, na karatasi yenyewe ni ya pamba, ndiyo maana noti ikisahaulika mfukoni ikafuliwa na nguo haiyeyuki. Kwanza hupigwa rangi za chini, zile nyepesi. Baadaye hupita kwenye mashine yenye sahani ya chuma iliyochongwa, ambayo huibana karatasi kwa nguvu mpaka wino ukasimama juu; ukipitisha kidole unauhisi. Halafu karatasi hupumzishwa zikauke, ndipo zije kwetu. Tulikuwa wanawake pekee, tumeketi kwenye meza ndefu chini ya taa nyeupe, kila mmoja na rundo lake. Unashika pembe ya karatasi, unaikunja kidogo, unaiachilia ianguke, na macho yako yanapita. Ukiona doa, au rangi iliyohama, au mchoro uliokatika, unatia alama kwa krayoni nyekundu. Noti yenye alama hiyo haitoki langoni ikiwa nzima.

Msimamizi wa Ukaguzi alikuwa mama mfupi, mnene, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Wiki ya kwanza alinikuta nimeinama, nikichunguza noti moja baada ya nyingine kama mtu anayetafuta chawa.

"Unafanya nini?"

"Nasoma, madam."

"Wacha kusoma. Ukisoma utapitwa. Wewe tazama tu, jicho litajikwaa lenyewe."

Alisema kweli. Baada ya miezi kadhaa jicho langu lilianza kujikwaa lenyewe, na likaendelea kujikwaa hata nikiwa nje ya kazi. Nikirudishiwa chenji dukani, niliitazama noti kwanza kabla ya kujua kama chenji imetimia. Niliinua noti kwenye mwanga kuona ile alama ya maji, ule mchoro uliofichwa ndani ya karatasi yenyewe. Nilipapasa wino kwa kidole gumba. Wenye duka walidhani nawashuku, wengine wakanuna. Wenzangu wa mezani nao walikuwa vivyo hivyo.

Ukweli ni kwamba tulizipenda zile noti. Watu wa nje wanapenda pesa kwa sababu ya kile inachonunua. Sisi tulizipenda kwa kuwa zilikuwa zimenyooka, wino wake umesimama, pembe zake kali, na tulizijua herufi za nambari ambazo karatasi zetu zilipewa baadaye. Mmoja wetu akikutana na noti safi ya herufi hizo sokoni Githurai au Thika, hakuitumia. Aliipeleka nyumbani akaiweka. Nadhani hakuna watu wengine katika nchi hii ambao wangefanya ujinga wa namna hiyo.

Nami niliweka kuliko wote, maana nilikuwa na sababu.

Mama yetu alikuwa mchuma kahawa katika shamba moja kubwa hapa Ruiru. Alichuma tangu usichana wake. Baba alifariki mapema, na mimi na Kamande tulilelewa katika chumba kimoja cha laini, zile nyumba za mstari ambazo shamba huwapa wafanyakazi wake. Nyuma ya chumba mama alipanda sukuma wiki na vitunguu kidogo. Kila baada ya muda nyapara alipita na fimbo yake, akasema ardhi ile ni ya kahawa, akamwamuru ang'oe. Mama aling'oa. Akapanda tena, akaamriwa tena, akang'oa kwa mkono uleule uliopanda, huku sisi tukitazama.

Nilipopata kazi ya kiwandani nikampelekea mshahara wa kwanza. Alichukua kidogo, akanirudishia uliobaki.

"Njoki, mimi sitaki nyumba kubwa," akaniambia. "Unitafutie tu mahali nikipanda sukuma hakuna mtu wa kuniambia ng'oa."

Nilimwahidi. Wakati huo uvumi ulikuwa umeanza kwamba shamba litauzwa kipande kwa kipande lijengwe nyumba za watu wa mishahara, na laini zibomolewe. Leo ukipita upande ule, huko kuelekea Membley, utaona mageti, maua na magari yaliyooshwa vizuri. Ukiwaambia wakazi wake kwamba pale palikuwa na chumba chenye moshi na sukuma nyuma, watakutazama tu.

Ofisi moja ya kuuza ardhi mjini Ruiru ilikuwa na ubao mweusi uliotundikwa nje ya mlango, na juu yake bei ya ploti imeandikwa kwa chaki. Kila mwisho wa mwezi nilishuka pale, nikausoma ubao, kisha nikaenda nyumbani kutazama akiba yangu. Niliiweka kwenye mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, uliooshwa ukakaushwa. Nilikuwa na akaunti benki, maana mshahara ulipitia huko, lakini nilizitoa pesa zote na kuzichambua. Zilizochakaa nilizitumia kwa chakula na kodi. Zilizo safi niliziingiza mkebeni, nimezipanga kwa herufi. Mtu akiniuliza kwa nini nisiziache benki, nilimwambia benki watanichanganyia na takataka.

Hesabu yangu ilikuwa nzuri. Kwa mwendo ule, mama angekuwa na ploti yenye nafasi ya nyumba, bustani, na hata migomba miwili mitatu, kabla laini hazijabomolewa.

Kamande yeye alikuwa akichonga mawe huko Ndarugu, kwenye machimbo. Yale mawe ya kijivu yanayojengea nusu ya nyumba za Juja na Thika, ndiyo aliyokuwa akiyakata kwa nyundo na patasi. Alikuwa na mikono mizuri ya kazi na koo baya la pombe. Siku ya malipo pesa zake zilifika baa kabla yake. Basi yeye mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, akaenda kwa kiongozi wa machimbo akamwomba awe anamlipa nusu kwa pesa na nusu kwa mawe. Mawe hayo akawa anayarundika nyuma ya nyumba ya rafiki yake, pembeni mwa Juja.

"Utakula mawe?" nilimuuliza siku moja, nikimcheka.

"Dada, mimi noti hainilali mfukoni. Ikiniona tu inataka kutoka. Lakini jiwe nani atalipokea kwa baa?"

"Na utajenga wapi, na huna hata mahali pa kuweka kiti?"

"Sijui. Lakini wewe si unachapa pesa? Basi chapa na hiyo ploti."

Tulicheka sana. Niliporudi nyumbani nilifungua mkebe wangu nikazitazama noti zangu, na nikamwonea ndugu yangu huruma.

Kisha ukaja msimu wa uchaguzi mmoja ambao watu wa rika langu hawausahau. Sitataja mwaka, wenye umri wangu wanaujua, na vijana waulize nyumbani. Lazima kwanza niseme jambo ambalo watu hawalijui. Kuchapa noti si kosa. Noti huchakaa, hupasuka, huloa jasho la wachuuzi, na sehemu kubwa ya kazi yetu ilikuwa kuchapa mpya za kuchukua nafasi ya zile za zamani zilizorudishwa kuharibiwa. Nchi ikikua kidogo, noti nazo zikaongezeka kidogo, hakuna anayelalamika. Taabu ni pale noti zinapoongezeka na unga haujaongezeka. Hapo noti zote zinagombania mfuko ule ule wa unga, na mwenye unga anaona, anapandisha bei. Hiyo ndiyo hadithi yote, na mtu aliyesoma mpaka chuo kikuu atakueleza kwa maneno marefu zaidi, lakini atafika hapo hapo.

Msimu ule mashine hazikupoa. Tuliambiwa kuna ovataimu kwa kila anayeitaka, na kila mtu aliitaka. Tulifanya kazi Jumamosi, tukafanya Jumapili, wenzetu wa kanisani wakauliza kama tumeokoka upande mwingine. Karatasi zilitufikia mezani wino wake haujakauka sawasawa, tukawa tunatoka na vidole vya kijani. Mimi sikujua nani aliamua nini, wala sijui mpaka leo. Niliketi mezani, na mezani hapafiki barua za wakubwa. Nilichokijua ni kwamba rundo langu lilikuwa halipungui.

Kantini ndiko nilikoona kwanza. Chai iliyokuwa tiketi moja ikawa tiketi mbili. Mandazi yakawa madogo, kisha yakawa madogo na ya bei juu. Nje, sukari ilipotea madukani, ikarudi na bei ya kutisha. Unga, mafuta, sabuni, kila kitu kilikuwa kikikimbia. Siku moja, tukiwa tumebaki wawili mezani, nilimuuliza Msimamizi.

"Madam, sisi tunachapa, na vitu vinapanda. Hauoni kama ni kitu kimoja?"

Hakuinua macho. "Njoki, sisi hatuchapi pesa. Tunachapa karatasi. Kama hiyo karatasi ni pesa ama si pesa, ataamua mwenye kuuza unga."

Nilidhani amemaliza. Aliangusha karatasi nyingine, akatia alama nyekundu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nina watoto watatu shule. Kwani unadhani sijaona?"

Hatukuzungumza tena habari hiyo. Yeye alikuwa na watoto wake, mimi nilikuwa na mama, na ovataimu ilikuwa inaingia.

Mkebe wangu ulijaa. Uzito wake ulinifurahisha. Nikachukua siku ya mapumziko, nikavaa vizuri, nikazifunga noti kwenye kitambaa, nikaenda ofisi ya ardhi. Nilipofika nilimkuta karani amepanda stuli, anafuta ubao kwa dasta. Vumbi la chaki lilikuwa limemjaa kwenye mikono ya shati. Nikasimama chini yake nikasubiri aandike. Aliandika, nami nikasoma, nikadhani ameongeza tarakimu kwa makosa.

"Hii ni ya lini?" nikamuuliza.

"Hii ni ya leo, mama. Ungekuja juzi. Ya kesho hata mimi sijui."

"Basi nipe miezi miwili. Nina ovataimu."

"Miezi miwili?" Akanitazama kama mtu anayetaka kuniambia kitu akakiacha. "Sawa, mama. Karibu."

Nilirudi baada ya miezi miwili na noti zaidi. Ubao ulikuwa umefutwa mara nyingi hadi umekuwa mweupe kote, na bei mpya imeandikwa juu ya vivuli vya bei za zamani. Hata hivyo niliingia ndani, nikafungua kitambaa juu ya meza. Karani alizichukua, akazipapasa, akazipitisha kwenye vidole. Nikaona amezipenda.

"Pesa zako ni safi sana," akasema. "Hata sijawahi kuona pesa safi hivi." Akazihesabu. "Lakini ni hizi tu?"

Nilizifunga nikatoka. Sikulia pale. Nililia nikiwa nimefika karibu na soko, nimesimama nyuma ya kibanda cha viazi, kwa sababu hapo ndipo liliponijia kichwani lote kwa pamoja. Zile saa za ziada, zile Jumapili, nilikuwa nimekaa nikizipitisha mikononi mwangu karatasi zilizokwenda kuifuta ile bei na kuiandika upya. Kadiri nilivyofanya kazi kwa bidii ya kumnunulia mama ploti, ndivyo ploti ilivyosogea. Hakuna aliyenidanganya, wala hakuna aliyeniibia hata noti moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa maana sikuwa na mtu wa kugombana naye. Zilikuwa zote pale kwenye kitambaa, safi, zimepangwa kwa herufi.

Laini zilibomolewa mwaka uliofuata. Tingatinga liliingia asubuhi, na mpaka wakati wa chakula cha mchana chumba chetu kilikuwa kifusi. Mama akahamia kwa Kamande, ambaye alikuwa amepanga chumba Kiandutu, kule Thika. Nilimwomba akae kwangu Ruiru, akakataa. Alisema Kamande akibaki peke yake atakufa kwa pombe, na nadhani alikuwa sahihi. Pale Kiandutu alijaza udongo kwenye gunia, akatoboa matundu, akapanda sukuma mlangoni. Mwenye nyumba akaja akamwambia gunia linaziba njia, aliondoe.

Kila nilipomtembelea aliniuliza neno moja tu, bila hasira yoyote.

"Bado?"

"Bado, mama."

"Haya," alisema kila mara, kisha akaniuliza kama nimekula.

Miaka ikapita hivyo. Nilihamishwa kutoka Ukaguzi nikapelekwa chumba cha nambari, ambako kila noti hupewa nambari yake. Kutoka huko nikapelekwa kufunga, kuzungushia vibunda ukanda wa karatasi. Mwishoni nikawekwa chumba cha taka, ambako karatasi zilizoharibika huhesabiwa, zikakatwa vipande vidogo visivyofaa hata kuwashia moto. Meneja wa Uzalishaji wa siku zile alikuwa kijana mpole aliyependa kunitania. "Mama Njoki, wewe umeanza kwa kuziangalia na sasa unazimaliza," aliniambia.

Katika miaka yangu yote kiwandani niliziona noti zikizeeka kwa namna nyingine. Noti ya shilingi tano ikaacha kuchapwa, ikawa sarafu. Ya kumi ikaifuata. Ya ishirini nayo ikashuka. Noti ikishakuwa ya kununulia vitu vidogo inapita mikono mingi mno, haidumu, na hailipi tena gharama ya karatasi yake, kwa hiyo wanaigeuza chuma. Upande wa juu nao, tukaanza kuchapa noti ya elfu. Wenzangu walipiga makofi mashine ilipotoa karatasi ya kwanza, maana ilikuwa nzuri kweli. Mimi nilikuwa nimechoka kupiga makofi. Nilijua ile ya mia, niliyoitunza mkebeni kwa heshima, sasa ilikuwa njiani kuelekea kununua mandazi.

Mkebe wenyewe uliisha kidogo kidogo. Mama aliteguka nyonga, tukampeleka hospitali. Herufi za kwanza zikaenda. Shiku akaingia sekondari. Herufi nyingine zikaenda. Nilizitoa moja moja, bado zimenyooka, nikazikabidhi kwenye dirisha la malipo, na mpokeaji akazitupa kwenye droo pamoja na nyingine zote.

Siku yangu ya mwisho kulikuwa na keki na soda. Langoni nilimkuta Mkuu wa Ulinzi mpya, mwanamke ambaye angeweza kuwa binti yangu, akanirudishia kifuko changu na kukichukua kile kipande cha shaba. Nilikifungua mbele yake. Siku ya kwanza kilikuwa kikilia kwa sarafu. Siku ile kilikuwa kimya. Ndani kulikuwa na noti tu za nauli, na barabara ya kurudi Ruiru ilikuwa ile ile.

Kiinua mgongo kilipoingia, sikupoteza siku. Ruiru sikuuliza hata bei. Niliona bango moja tu, nikageuka. Nilielekea mashariki ya Thika, kule kukavu ambako mvua huja ikipenda, na mzee mmoja mkulima alikuwa anakata kipande cha shamba lake. Kilikuwa kidogo. Bei yake ilinizidi, si kwa mbali, lakini ilinizidi. Nilienda Kiandutu nikakaa kitandani kwa Kamande nikamweleza. Mama alikuwa amelala pembeni, ukutani.

Kamande alikuwa ameacha pombe kwa ajili ya ini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa viatu.

"Twende Juja," akasema.

Sikuwahi kuyaona mawe yale yote pamoja. Yalikuwa yamepangwa nyuma ya ile nyumba mpaka karibu na paa, yale ya chini yameota kuvu, ya juu bado yana alama za patasi. Tangu ujana wetu alikuwa akiyapeleka pale, na nusu ya maisha nilikuwa nikimcheka. Bei ya jiwe ilikuwa imepanda pamoja na kila kitu kingine, kwa miguu yake yenyewe, bila mtu kulitunza mkebeni. Aliuza ya kutosha kumalizia bei ya ploti, na yaliyobaki yakatosha chumba kimoja na jiko.

Nilipapasa jiwe moja kwa kidole gumba, kama nilivyozoea kupapasa noti. Yeye akaona.

"Usinifanye mwenye akili, dada," akasema, akipangusa vumbi. "Sikuwa mjanja. Nilikuwa mlevi."

Alijenga kwa mikono yake, pamoja na vijana wawili wa Kiandutu. Sukuma tulipanda mbele, nyuma, na kila upande uliobaki. Ploti haina nafasi ya mgomba. Tulimhamisha mama msimu wa mvua, tumemvalisha koti jipya, na nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo tangu nilipokuwa msichana mwenye ovaroli isiyo na mfuko.

Lakini mama alikuwa ametangulia kuondoka, kwa namna yake. Kumbukumbu ilikuwa imeanza kumtoka tukiwa bado Kiandutu, na hatukuijali sana, tukadhani ni uzee. Anajua mimi ni Njoki. Kamande anamjua siku nyingine, siku nyingine anamwita kwa jina la baba. Nyumba haijui. Akisikia mtu anapita njiani na fimbo, anaingia ndani upesi, anachungulia mlangoni, anangoja aondoke.

Jumamosi ndiyo siku yangu. Nashuka Thika, nanunua nyama kidogo, naenda. Nikipewa chenji bado naiinua kwenye mwanga, mazoea mabaya, na Kamande hunipigia kelele niziache zitumike. Mama namkuta nje, ameketi chini kwenye udongo katikati ya sukuma, miguu imenyooka. Ananishika mkono, ananiuliza kama nimekula. Kisha anainama karibu na sikio langu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumsumbua mtoto wake, ananiuliza.

"Njoki. Bado?"

"Si bado tena, mama. Ndiyo hii umekalia."

"Hii?"

"Hii."

Anatazama huku na huku. Anapapasa udongo kwa kiganja, anagusa jani la sukuma, anagusa ukuta wa mawe ya Kamande nyuma yake.

"Na hakuna mtu wa kuniambia ng'oa?"

"Hakuna."

Hapo uso wake hufunguka, anapiga makofi, anacheka mpaka machozi yanamtoka, ananishukuru kwa majina yote ya ukoo wetu, kana kwamba nimemletea habari ile saa hiyo hiyo kutoka mjini. Kamande hawezi kuitazama furaha hiyo. Huinuka akaenda kuteka maji. Mimi hubaki. Tunachuma sukuma za mchana, tunapika, tunakula, na kabla sijaosha vyombo naona uso wake umeanza kujifunga tena, ananitazama kwa upole ule ule, na ninaketi karibu yake nikingoja aniulize.